Pikipiki ya Kwanza ni Ile Unayoweza Kuisimamisha

Wadogo zangu wa Nyeri, wa Karatina, wa Nanyuki na wa miji yote inayouzunguka Mlima Kenya, njooni tukae. Kila mmoja wenu anaponiuliza habari za pikipiki, swali huwa lile lile: "Dada, ipi ina nguvu?" Hakuna anayeniuliza ipi itasimama akishika breki kwenye mteremko, mvua inanyesha, na lori la majani chai linapanda mbele yake. Sikulaumu. Kijana akitazama pikipiki huona safari, haoni kona. Lakini mimi ni dada yako, na wajibu wangu ni kukuonyesha kona kabla hujaifikia.

Neno langu ni moja, nami nitalirudia hadi unichoke. Pikipiki ya kwanza ichague kwa jinsi unavyoweza kuisimamisha, kuishikilia isilale, na kuiinua ikilala. Maana italala. Kila anayejifunza humlalia siku moja, na hilo halina aibu. Aibu ni kununua kitu ambacho kikilala unangoja wapita njia wakusaidie.

Najua kwa nini unaitaka. Tangu serikali ipunguze mzigo wa kodi kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, nduthi, kama tunavyoziita, zimeingia hadi vijiji ambavyo ukikosa matatu ya asubuhi umekosa siku. Mwalimu wa Mukurwe-ini anaiendea kazini, muuza maziwa wa Mweiga anabebea mitungi, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi amechoka kupanga foleni ya kwenda mjini. Haja zote hizo ni halali. Shida ni kwamba haja zenu zinatofautiana, halafu wote mnakwenda kununua pikipiki moja, ile ya jirani. Jirani ana miguu yake na njia yake, mdogo wangu. Wewe una zako.

Kwa hiyo anza na miguu. Ukifika dukani usiulize bei kwanza. Panda, kaa wima, shusha miguu yote miwili. Nyayo zikilala chini vizuri, hiyo unaweza kuifikiria. Ukijikuta unatafuta ardhi kwa ncha za vidole, shuka, hata muuzaji akikuapia kwamba utazoea. Kwetu huku hakuna tambarare ya kukuzoesha. Utasimama kwenye mlima, mguu utatafuta chini ukose, na kilo mia na zaidi zitakuja upande wako. Ukishuka, simama kando yake uisukume kinyumenyume hatua chache, uone kama mikono inaiweza. Dukani hawatakuruhusu kulaza pikipiki mpya, basi omba ya rafiki iliyo sawa nayo, muilaze taratibu kwenye nyasi, kisha uiinue peke yako: mgongo umenyooka, nguvu zitoke mapajani. Watu watakukodolea macho. Waache wakodoe.

Sasa hiyo nguvu unayoililia. Siipuuzi, maana tunaishi juu. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki inapita 1,900, na Timau iko juu zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana ile ya cc 100 uliyoiona ikitembea vizuri Mombasa, hapa itapanda kuelekea Ihururu ikihema, hasa ukiipakia mzigo. Kama utaendesha peke yako kwenye lami, kutoka nyumbani hadi kazini na kurudi, cc 100 au 125 inakutosha na itakufunza adabu. Kama kwenu ni Othaya ndani, au Tetu, au Mukurwe-ini, ambako ukimaliza kushuka mto unaanza kupanda mgongo mwingine, chukua 125 au 150. Na kama njia yako ni ile ya Chaka, Naro Moru hadi Nanyuki, kumbuka kuna upepo wa ubavuni na malori yenye haraka, na pikipiki nyepesi mno huyumbishwa. Bajaj wenye Boxer, TVS, Honda, Hero, wote wanazo za ukubwa huo. Zaidi ya cc 150 kwa mtu ambaye bado anatafuta gia kwa kuangalia chini, hapana.

Wapo wanaoniambia, "Dada, nimeona moja ya cc 400, imetumika ng'ambo, bei nzuri." Najua umeiona, na najua umeilalia na kuiamkia. Pikipiki ya namna hiyo ukikunja kiganja kidogo tu kwa kushtuka, inaruka mbele kabla akili haijajua mkono umefanya nini. Na anayejifunza hushtuka kila siku: mbuzi akitokea, matatu ikisimama ghafla, mtoto akivuka. Kuna na zile ndefu za matopeni, ambazo huwavutia wengi kwa sababu ya barabara zetu za udongo. Ni nzuri kwa mwenye miguu mirefu na uzoefu. Wewe rudi kwenye swali la nyayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwenye pikipiki methali hiyo ni kweli tupu.

Nirudi kwenye kusimama, maana ndiko moyo wangu uliko. Utawaona wazoefu wakishuka kuelekea mtoni wametoa gia, wengine wamezima injini kabisa ili waokoe mafuta. Usiwaige hata siku moja. Injini ikiwa ndani ya gia huizuia pikipiki isikimbie. Ukiitoa, kazi yote umeiachia breki, nazo breki za ngoma zikipata moto hulegea. Shuka kwa gia ambayo ungepandia mlima huo huo. Kisha ujue kwamba breki ya mbele ndiyo yenye nguvu ya kusimamisha, ingawa wanafunzi wengi huiogopa na kukanyaga ya nyuma tu hadi wateleze. Kwenye lami kavu tumia zote mbili, ya mbele ukiikaza taratibu. Kwenye yale matope yetu mekundu, punguza mwendo mapema kabla ya kona, na ya mbele uiguse kwa upole. Kwa hiyo unapochagua, pesa zikiruhusu, chukua yenye diski mbele. Hiyo ndiyo nyongeza ya bei ninayokubali bila ubishi. Redio na taa za rangi utaweka ukipenda, lakini zisile pesa ya diski wala ya tairi nzuri.

Wengi wenu mtanunua iliyotumika, na si vibaya. Ila uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Stika mpya na tangi linalong'aa havijawahi kuwasha injini. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mkifika, kabla ya maneno mengi, sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa tayari ina joto, mwenyewe ameiwasha kabla hamjafika, na pengine asubuhi huwa haiwaki. Mwambie mtarudi kesho saa moja muikute baridi. Ikiwaka, tazama moshi: wa bluu maana yake inachoma oili. Ivute cheni pale nyuma kwenye sprokiti. Ikinyanyuka ukaona nafasi, imekwisha, na meno ya sprokiti yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, hesabu gharama ya kubadilisha vyote pamoja. Kaza breki ya mbele, usukume usukani mbele na nyuma; ukihisi kugonga, bearingi za shingo zimelegea. Mkague yote bila haraka. Muuzaji anayekuhimiza ana sababu yake.

Na karatasi, mdogo wangu! Mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya chesisi imechongwa shingoni, karibu na usukani, na ya injini iko kwenye injini yenyewe. Zisome kwa macho yako, zilingane na logibuku. Umiliki uhamishwe kwa mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, siku ya kununua, usikubali ile "tutabadilisha baadaye". Huyo wa baadaye hubadilisha namba ya simu, na wewe unabaki unaendesha pikipiki ambayo sheria inaijua kwa jina la mtu mwingine.

Kuhusu mkopo, sitakukataza, kwa kuwa wengi hawana njia nyingine. Lakini kukopa harusi, kulipa matanga. Ukisikia "shilingi 400 tu kwa siku", kalamu ishike wewe. Kwa miezi 18, ambayo ni kama siku 540, hiyo ni shilingi 216,000, bila kuhesabu malipo ya mwanzo. Linganisha na bei ya pesa taslimu ya pikipiki hiyo hiyo, ndipo uamue. Uliza pia itakuwaje ukiugua wiki mbili. Nimewaona vijana wakiendesha usiku, kwenye ukungu, wamechoka hadi macho yanajifunga, kwa sababu kesho ni siku ya kulipa. Deni likikuzidi, linakunyima hata ruhusa ya kusimama. Kama chama chenu au SACCO ya kijijini itakukopesha kwa riba nafuu, ngoja miezi michache uweke akiba, upate ya huko.

Wala usinunue kabla ya leseni. Najua unasema utajifunzia kwenye pikipiki yako. Anza shule ya udereva, upate leseni ya muda, ufanye mtihani. Daraja A2 ni la pikipiki ya kawaida, kuanzia miaka 18. Ukitaka kubeba abiria kwa pesa au kupeleka mizigo ya watu, hilo ni A3, na umri ni miaka 21. Kijana wa miaka 19 anayekopa pikipiki akitegemea kulipa kwa kazi ya boda boda amejiingiza matatani kabla ya kuwasha. Usisahau na bima.

Helmeti isiwe kitu cha kununua kwa chenji iliyobaki. Itoe kwenye bajeti kabla ya pikipiki yenyewe, hata kama itabidi ushuke kutoka 150 hadi 125. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kwamba kofia bora iliyofungwa sawasawa hupunguza sana majeraha ya kichwa na vifo. Ikukae vizuri, isizunguke ukitikisa kichwa, na mkanda wake ufungwe kila safari, hata ya kwenda dukani. Sheria yetu ya trafiki inataka helmeti na koti la kuakisi mwanga kwa dereva na kwa abiria, na abiria mmoja tu. Ukiongeza glavu hutajuta, maana Julai ya Nyeri unaijua: vidole vikifa ganzi, breki huishiki kwa wakati.

Nawe msichana uliyeambiwa kwamba pikipiki si ya wanawake, njoo karibu. Pikipiki haijui ni nani aliyeipanda, inajua kama miguu imefika chini na kama mkono unafikia breki. Ukiipata inayokufaa kimo na uzito, hakuna kilima cha Karatina wala Kerugoya kitakachokuuliza jinsia. Wanaokucheka leo ndio watakaokuomba lifti kesho. Lifti hiyo uwanyime, kwa miezi mitatu ya kwanza kwa uchache. Na hilo nawaambia wote, wavulana kwa wasichana: mtu akikaa nyuma, breki inachelewa, kona inabadilika, na kosa lako linakuwa maumivu ya mwenzako. Hata mama akiomba, mwambie asubiri kidogo. Atakuelewa, na moyoni atashukuru.

Wachache mmeuliza za umeme. Ni tulivu, na hazikusumbui na klachi. Ila milima hula chaji upesi, basi ujue kwanza utachaji au kubadilisha betri wapi kati ya nyumbani na kazini. Ni kanuni ile ile ya vipuri: chagua pikipiki ambayo fundi wa soko lenu ameifungua mara nyingi na duka la karibu lina klachi na breki zake. Isiwe ya kungojea kifurushi kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, huku wewe unatembea kwa miguu.

Jumamosi, basi, nenda na fundi, vaa viatu utakavyoendeshea, ukae juu ya tatu au nne kabla ya kusema neno la bei. Jioni rudi nyumbani mikono mitupu, ulale. Kama asubuhi bado unaitaka ile iliyokukaa miguuni, irudie. Jizoeze uwanja wa shule ukiwa mtupu, uanze na kusimama, ndipo uende kwenye kukimbia. Mwaka ukipita mikono ikishapata adabu, uza hiyo ndogo, ambayo huku kwetu haitakosa mnunuzi, uongeze pesa upate uliyokuwa ukiiota. Siku hiyo sitakukataza. Nitauliza tu kama na helmeti umenunua mpya.