Barua za Zamani: Tusizichome

SOMO LA KIKUNDI



Mzee akifariki, matanga yakiisha familia husafisha nyumba. Vyombo hugawanywa, koti hupewa mjomba, na karatasi zilizokuwa chini ya kitanda hupelekwa shimoni zikachomwe. Leo tujiulize: hizo karatasi ni takataka kweli?

1. Historia yetu iko wapi?

Wengi wetu tunadhani historia ni mambo ya magavana na marais. Lakini ni nani aliyeandika jinsi kijiji chetu kilivyopita mwaka wa njaa, au jinsi wazazi walivyochanga pesa kujenga darasa la kwanza? Mara nyingi habari hizo zimo ndani ya barua tu. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye reli, au kwenye majani chai Kericho. Mama alibaki na shamba. Barua ilipitia sanduku la posta la shule au la misheni, ikasomwa na mtoto aliyejua kusoma, huku majirani wakisikiliza. Kwa hiyo barua ya mtu mmoja ilikuwa habari ya wengi.

Tunaye mfano katika Mwenyeheri Sista Irene Stefani wa Shirika la Konsolata, aliyeitwa Nyaatha na watu wa Nyeri, yaani mama wa huruma. Akina mama wa Gikondi wasiojua kuandika walimwendea awaandikie vijana wao waliokwenda kazi mijini, na jibu likija aliwasomea. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyemhudumia. Hebu fikirini: mama anayemwandikia kijana wake atataja nini? Kodi, mvua, ng'ombe aliyekufa, dada anayeolewa. Hayo ndiyo maisha ya jamii.

2. Barua inaweza kutetea haki

Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952 hadi 1960, watu waliozuiliwa kambini waliwaandikia maafisa wa serikali barua kwa mikono yao. Walilalamika juu ya kupigwa na chakula kibaya. Baadhi ya barua hizo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ile Akaivu ya Moi Avenue, Nairobi, na wanahistoria wamezitumia kuonyesha yaliyotendeka. Mnamo 2011 Uingereza ilikubali kwamba ilikuwa na mafaili yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru, yamewekwa Hanslope Park. Juni 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. Wazee wenyewe ndio waliosimama kutoa ushahidi, lakini karatasi ziliyapa maneno yao nguvu.

Hata nyumbani ni hivyo. Katika kazi yangu na wajane nimesikia mara nyingi swali hili kutoka kwa shemeji: "Wewe, nani alikwambia hili shamba ni lako?" Barua ambayo marehemu alisema, "Nimetuma pesa, mlipie shamba la mtoni," si hati ya shamba. Lakini ikiwa na tarehe, na ikiwekwa pamoja na risiti na ushahidi wa majirani, inaweza kumsaidia mbele ya wazee, chifu au korti. Ikichomwa, mama anabaki na mdomo wake tu.

3. Tusome kwa macho mawili

Barua nayo huficha mambo. Mtu aliandika "mimi ni mzima, hofu ni kwako" huku analala na njaa, kwa sababu alijua itasomwa mbele ya watu. Askari wetu wa Vita Kuu ya Pili walijua kwamba barua zao zinafunguliwa na wakaguzi wa jeshi. Basi ukisoma barua, uliza:
- Imeandikwa lini na wapi? Tazama pia muhuri wa posta.
- Nani aliandika kwa mkono, na nani alisema maneno?
- Inataja bei, deni, karo, mahari au ugonjwa gani?
- Ni jambo gani halikutajwa, na kwa nini?
Halafu waulize wazee. Barua na mzee husaidiana: mzee husahau tarehe, barua haielezi sababu.

4. Namna ya kuzitunza

- Ziweke kwenye sanduku la bati, juu ya mawe au ubao, mbali na mchwa, unyevu na moshi.
- Ondoa pini za chuma, zitaleta kutu. Usitumie selotepu, inaharibu karatasi.
- Usitupe bahasha. Iache na barua yake.
- Andika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, majina ya watu wanaotajwa.
- Piga picha kwa simu, lakini usitupe barua yenyewe. Simu huibiwa.

5. Heshima kwa siri za watu

Si kila barua ni ya kusomwa kikundini. Kuna barua za mapenzi, za ugonjwa, za mtoto ambaye ukoo haumjui. Karatasi ni ya aliyepokea, lakini maneno ni ya aliyeandika. Ombeni ruhusa ya familia kwanza, na barua inayoweza kumwaibisha mtu aliye hai ifungwe, isisomwe. Kutunza siri si kuchoma.

Leo tunapiga simu, na tangu 2007 pesa tunatuma kwa M-Pesa. Ni jambo jema, lakini maneno ya simu hayabaki sandukuni. Kwa hiyo barua tulizo nazo hazitaongezeka sana. Tuzilinde.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, nani ana barua za zamani, na ziko katika hali gani?
2. Ni jambo gani la jamii yetu ambalo vijana hawalijui, na barua ingeweza kuwafundisha?
3. Mjane au yatima ana karatasi gani za kumlinda? Nani anaziweka?

Kazi ya mwezi huu: kila mmoja atafute barua moja nyumbani kwake, aandike tarehe, mahali na mambo matatu inayoyataja, kisha alete maandishi hayo kikundini. Barua yenyewe ibaki nyumbani, mahali pakavu.