Sumu Ndani ya Tikiti: California na Udhibiti wa Viuatilifu

Nchini Marekani kazi ya kudhibiti viuatilifu imegawanywa. Serikali ya shirikisho huamua dawa ipi isajiliwe na maneno gani yaandikwe kwenye kibandiko chake. Majimbo hayawezi kubadili maneno hayo, lakini yaweza kuiwekea dawa masharti makali zaidi, au hata kuipiga marufuku. Tena ndiyo yanayokagua matumizi yake mashambani. Kibandiko ni sheria, si ushauri: kutumia dawa kwa zao lisilotajwa humo ni kosa.

Uzito wa sharti hilo ulidhihirika katika jimbo la California mwezi wa Julai, 1985. Watu waliokula matikiti maji walishikwa na kichefuchefu, kutapika, kuhara, jasho jingi na kutetemeka kwa misuli. Matikiti yalipopimwa yalionekana kuwa na aldikabu, dawa iliyosajiliwa kwa pamba, viazi na mazao mengine kadhaa, lakini si kwa matikiti.

Aldikabu hutiwa udongoni ikiwa chembechembe. Mizizi huifyonza pamoja na maji, nayo hupanda hadi kwenye majani na matunda. Kwa hiyo kuliosha tikiti hakufai kitu. Mwilini huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopitisha habari kutoka neva hadi misuli. Asetilikolini ikilundikana, misuli na tezi huamrishwa bila kikomo. Bahati njema, aldikabu hukiachia kimeng'enya hicho baada ya muda mfupi, na wagonjwa wengi hupona upesi.

Serikali ya jimbo ilisimamisha uuzaji na kuamuru matikiti yaliyokuwa sokoni yaharibiwe. Taarifa za ugonjwa zilipita 1,000. Mkulima aliyetii kibandiko alipata hasara pamoja na aliyekivunja, kwani kwa macho tikiti lenye sumu halitofautiani na lingine.

Tangu 1990 California, ikiwa jimbo la kwanza kufanya hivyo, humtaka kila mkulima amwarifu afisa kilimo wa wilaya kila mwezi: dawa gani, kiasi gani, zao gani, shamba lipi. Mwaka 1991 udhibiti wote ukakabidhiwa idara maalumu. Hata hivyo, taarifa hujazwa na mtumiaji mwenyewe, na mvunja sheria hatazamiwi kuandika kosa lake. Kwa sababu hiyo wakaguzi wa jimbo huendelea kuchukua matunda na mboga sokoni na kuzipeleka maabara.