Ukaguzi wa Mifuko Disney na Universal: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufika Langoni

Shule za Marekani zikifungwa kwa likizo ya kiangazi, familia zetu zilizoko Columbus, Houston na Washington huanza kupanga safari ya Orlando, Florida. Mara nyingi safari hiyo ina mgeni: bibi aliyetoka Mwanza kuja kuwaona wajukuu, au mjomba kutoka Mombasa aliyepata viza baada ya kungoja sana. Tiketi zimenunuliwa mapema na hoteli imelipiwa. Jambo ambalo halizungumzwi nyumbani ni ukaguzi wa langoni, na hapo ndipo asubuhi nyingi huharibika. Baba anarudishwa kwenye gari na kisu cha kumenyea matunda, chupa ya achari inaishia kwenye pipa la taka, na bibi anavutwa pembeni na mtu asiyemwelewa lugha. Karibu matatizo yote hayo yanaweza kumalizwa usiku wa kuamkia safari, wakati wa kufunga mizigo.

Ukaguzi huu haukuwepo tangu mwanzo. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na kwa miaka thelathini watu waliingia na vikapu vyao bila kupekuliwa. Meza za kukagua mifuko zilikuja baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Desemba 2015, mwezi mmoja baada ya mauaji ya Paris na wiki mbili baada ya yale ya San Bernardino, California, bustani kubwa tatu za Orlando, yaani Disney, Universal na SeaWorld, ziliweka mashine za kugundua vyuma kwenye malango. Wakati huohuo Disney ilipiga marufuku bunduki za kuchezea watoto, na ikazuia watu wa miaka 14 na zaidi kuingia wakiwa wamevaa mavazi ya maigizo au barakoa za kuficha uso.

Anayeona huo ni usumbufu wa bure akumbuke klabu ya Pulse, humohumo Orlando, ambako watu 49 waliuawa tarehe 12 Juni 2016. Kesi iliyofuata iliposikilizwa mwaka 2018, waendesha mashtaka waliiambia mahakama kwamba muuaji alikuwa ameilenga kwanza Disney Springs, eneo la maduka na migahawa la Disney, akabadili nia baada ya kuona askari. Mimi nikiisoma habari hiyo, foleni ya dakika ishirini hainiudhi tena.

Wenzetu waliotoka Nairobi hawahitaji kuelezwa sana. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, mtu haingii kwenye jengo kubwa la maduka bila kufungua begi, na anayepanda treni ya SGR amezoea kupanga mizigo chini kwa mstari ili mbwa wapite wakinusa. Orlando utakutana na mambo yaleyale, ila umati ni mkubwa zaidi na orodha ya vitu vilivyokatazwa ni ndefu zaidi.

Hivi sasa, kwenye malango ya Disney huko Florida, watu hupita katikati ya nguzo mbili za mashine bila kusimama na bila kuvua begi. Mashine za aina hii zilianza kutumika bustani zilipofunguliwa upya mwaka 2020, wakati wa korona. Kabla hujapita, askari wa lango atakuomba utoe vitu vichache uvishike mkononi, mbele ya mwili: mwavuli, chupa ya maji ya chuma, na kasha gumu la miwani. Hivyo ndivyo huifanya mashine ipige kelele. Pawabanki nzito na kompyuta nazo zinaweza kuleta shida hiyohiyo. Mashine ikikuonyesha, utapelekwa kwenye meza ya pembeni, begi lifunguliwe na kuangaliwa kwa mkono. Kuitwa pembeni hakumaanishi umeshukiwa. Mashine hizi hukosea. Novemba 2024, Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilimchukulia hatua mtengenezaji wake mkubwa, Evolv, ikisema kampuni hiyo ilikuza mno uwezo wa mashine zake wa kutofautisha silaha na vitu vya kawaida, hasa katika shule. Kwa hiyo ukiitwa, nenda kwa utulivu, fungua zipu zote na usubiri. Usiingize mkono wako ndani ya begi mpaka uambiwe.

Mahali ukaguzi unapofanyika ni jambo linalowaponza wengi. Anayekwenda Magic Kingdom kwa gari lake haegeshi karibu na bustani. Anaegesha kwenye kituo cha usafiri upande wa pili wa ziwa, anakaguliwa hapo, kisha anapanda kivuko au treni ya reli moja kuvuka. Ukikutwa na kitu kilichokatazwa, safari ni ya kurudi kwenye gari, chini ya jua la Florida, na watoto wamekukamata mikono. Usitegemee kwamba watakutunzia. Kwenye Universal nako ukaguzi uko mapema, penye jengo la maegesho, kabla hata hujafika kwenye mitaa ya maduka na migahawa. Ondoka kwenye gari ukiwa tayari: mifuko ya suruali imeshaangaliwa, na kisu kidogo cha kwenye pete ya funguo kimeshatolewa.

Sasa begi lenyewe. Ushauri wangu ni mmoja: chukueni begi dogo kuliko mnavyodhani mnahitaji, na moja kwa watu wawili au watatu. Disney inakubali mabegi na maboksi ya kupozea yasiyozidi sentimita 61 kwa urefu, 38 kwa upana na 46 kwa kimo, lakini hilo ndilo kubwa la mwisho, na anayelibeba huanza kujuta kabla ya adhuhuri. Vigari vya watoto haviruhusiwi kuzidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132. Mikokoteni ya kuvuta watoto, ile ya kitambaa yenye magurudumu manne, imekatazwa kabisa tangu Mei 2019. Hapa ndipo familia zenye watoto wengi huumia, maana mkokoteni huo ni maarufu madukani na mnunuzi haambiwi lolote. Pima kigari chako nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Kikizidi, kiache, vigari vya kukodi vipo ndani ya bustani.

Silaha za aina yoyote hazipiti, na visu huhesabiwa humo, hata kile kidogo cha kukunja. Hapa kuna mtego kwa wakazi wa Florida: tangu Julai 2023 sheria ya jimbo inamruhusu mtu mzima anayetimiza masharti kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Bustani ni mali ya kampuni binafsi na zinakataza bunduki hata kwa mwenye haki hiyo. Bangi nayo ni marufuku, pamoja na vyakula na mafuta yaliyochanganywa nayo, hata kama katika jimbo unakotoka inauzwa dukani. Vileo hairuhusiwi kuingia navyo. Vijiti vya selfi vilikatazwa Juni 2015, kwa sababu watu walikuwa wakivinyoosha wakiwa juu ya treni za kasi. Droni, viti vya kukunja na fataki, acha nyumbani. Ukienda Animal Kingdom, acha na maputo, kwa usalama wa wanyama.

Kuhusu chakula, nina habari njema, na nasikitika kwamba wengi wetu hawaijui. Disney inaruhusu kuingia na chakula chako, mradi hakihitaji kupashwa moto na hakimo kwenye chombo cha kioo. Maandazi, sambusa, chapati zilizokunjwa, kababu, hata pilau kwenye bakuli la plastiki, vyote vinapita. Bei ya mlo mmoja wa familia ndani ya bustani ni kubwa kiasi kwamba sambusa za mama zinaokoa pesa za maana. Achari na chatini zihamishie kwenye vikopo vya plastiki, kwa kuwa chupa ya kioo itazuiwa. Kioo kinachovumiliwa ni kile kidogo cha chakula cha mtoto mchanga. Vyakula vyote viwekeni kwenye mfuko mmoja mwepesi, juu ya vitu vingine, ili askari aone kwa jicho moja. Barafu ya kumwaga na ile kavu zilikatazwa mwaka 2019 kwa lengo la kuharakisha ukaguzi, hivyo tumia vifurushi vya kugandisha vinavyorudiwa kutumika. Chai ya thermosi ya chuma inaruhusiwa, ila itoe mapema na uishike mkononi. Maji usiyabebe kwa wingi. Migahawa ya haraka ndani ya Disney hutoa bure kikombe cha maji ya barafu kwa anayeomba, na wewe si lazima ununue kitu.

Universal ni wakali zaidi. Vitafunio na maji ya chupa hadi lita mbili vinapita, lakini mlo kamili wa pikiniki haukubaliwi, na boksi gumu la kupozea limekatazwa. Pia kwenye baadhi ya treni zao za kasi, kama ile ya Hulk, kuna ukaguzi mwingine wa vyuma kabla ya kupanda. Simu, funguo na sarafu huwekwa kwenye makabati ya kufuli ya bure yaliyo karibu, kwani simu ikianguka kutoka juu kwa kasi ile inaweza kumjeruhi vibaya mtu aliye chini. Vaa nguo yenye mifuko michache siku hiyo.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, goti la chuma au nondo mwilini amwambie askari kabla ya kuikaribia mashine. Beba kadi ya hospitali kama unayo. Anayetumia kiti cha magurudumu hatalazimishwa kusimama ikiwa hawezi. Atakaguliwa akiwa amekaa. Dawa zibaki kwenye vikopo vyake vya duka la dawa vyenye jina la mgonjwa, na hili nalisema hasa kwa sababu ya wazee wetu wanaosafiri na unga wa mitishamba uliofungwa kwenye karatasi au chupa isiyo na lebo. Unga mweupe au wa kijani usio na jina utawachelewesha. Kama si wa lazima siku hiyo, ubaki hotelini. Sindano za insulini zinaruhusiwa, na vituo vya huduma ya kwanza vya Disney vinaweza kukuhifadhia insulini kwenye jokofu na vina vyombo salama vya kutupia sindano.

Hijabu, kanzu, kofia na kitenge si mavazi ya maigizo, na kanuni ile ya miaka 14 haiwahusu wanaovaa hivyo. Mara nyingi mashine haitagusa hata ncha ya ushungi. Ikitokea mama akahitaji kukaguliwa kwa mkono, aombe askari mwanamke, na aombe faragha. Ombi hilo ni la kawaida na hakuna anayepaswa kulionea haya. Ufaransa jambo hili limeandikwa kwenye sheria: walio Ulaya wakienda Disneyland Paris, mlinzi anayempapasa mtu lazima awe wa jinsia moja naye, na lazima mkaguliwa aridhie. Marekani unaweza kukataa kupekuliwa, lakini bustani nayo inaweza kukataa usiingie, na hapo hakuna mjadala. Tofautisha pia mlinzi wa kampuni na askari wa sherifu aliyevaa sare ya serikali. Wa kwanza anakuzuia kuingia. Wa pili anaweza kukukamata.

Kuna mbwa wa kunusa milipuko kwenye njia za kuingilia. Kwa Mwislamu aliyetia udhu, au mtoto anayeogopa mbwa, neno la upole kwa mwenye mbwa linatosha, naye kwa kawaida atampitisha upande mwingine. Usimguse wala kumpa chakula, yuko kazini.

Bibi asiyejua Kiingereza asipite peke yake. Mwelezeni usiku wa kuamkia safari kwamba kutakuwa na mashine, kwamba atafungua mkoba, na kwamba si kosa lake. Kijana mmoja apite mbele yake ili aone jinsi inavyokwenda, mwingine awe nyuma. Watoto nao waambiwe waziwazi: hakuna utani wa bomu wala bunduki karibu na lango, hata kwa Kiswahili, kwa sababu neno “bomu” linasikika karibu sawa na la Kiingereza na huko halichukuliwi kama mchezo.

Foleni huwa ndefu zaidi kabla tu ya bustani kufunguliwa, kwa sababu wageni wa hoteli za Disney World huruhusiwa kuingia nusu saa mapema na wengine hujisogeza pamoja nao. Atakayefika kwenye maegesho saa moja au zaidi kabla ya kufunguliwa hupita kwa raha. Kanuni hizi hubadilika, na kila bustani ina zake, kwa hiyo usiku wa kufunga mizigo mmoja wenu asome ukurasa wa masharti wa bustani mnayokwenda, kisha begi lifunguliwe sebuleni na kukaguliwa mbele ya wote.