Mgogwe na Upepo

SWALI: Bwana Mtaalamu, mgogwe wangu hapa Lushoto umenipita kimo, lakini kila upepo uvumapo matawi hukatika. Nifanyeje?

JIBU: Mgogwe, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, una mti laini na mizizi isiyozama sana ardhini, na kwa sababu hiyo hauhimili dhoruba, wala maji yatuamayo shinani, ambayo aghalabu huuangamiza kwa siku chache tu. Huo wako upogoe baada ya mavuno, kwani matunda huzaliwa katika machipukizi mapya, kisha uuegemeze nguzo. Jembe, tafadhali, liweke mbali, lisije likaikata mizizi hiyo ya juujuu; kwa magugu, matandazo yatosha. Ama ukitaka kichaka kifupi tangu awali, otesha kipande cha tawi badala ya mbegu, nyuma ya ua ulioshonana.