Tairi na Nafasi Yake katika Fremu ya Baiskeli

Kisiwani Pemba, nchi ya vilima, mwenye baiskeli ya mbio huweza kutamani tairi pana zaidi ili lihimili njia za udongo zielekeazo kwenye mikarafuu. Kabla ya kulinunua, yampasa apime nafasi iliyomo katika fremu.

Ubavuni mwa tairi huandikwa namba mbili, kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni upana wa tairi lililojazwa upepo. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Zote ni milimita. Namba ya pili haina budi kulingana na ya rimu. Maandishi ya "inchi 28" pekee hayatoshi: hupatikana kwenye matairi ya 622 na ya 635, nayo hayabadilishani.

Kimo cha tairi hukaribia upana wake. Basi kipenyo chote cha tairi la 28-622 ni 622 + (2 × 28) = 678; cha tairi la 37-622 ni 696. Tofauti ni 18. Kwa hiyo tairi pana huongezeka milimita 9 kwa juu, na milimita 4.5 kila ubavu. Ikiwa tairi la kwanza liliacha milimita 8 kila ubavu, la pili litaacha 3.5 tu. Wakati wa masika udongo hunata hapo, na gurudumu laweza kukwama ghafla mteremkoni. Yafaa zibaki angalau milimita 6, na zaidi penye matope.

Zoezi: Tairi la 28-622 limeacha milimita 14 juu na 8 kila ubavu. Je, tairi la 32-622 litafaa? Eleza kwa hesabu.