SOMO LA JEOGRAFIA: SOKO WA KABAMBARE NA GORILA WA KAHUZI

Livingstone alipokaa Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, mwaka 1870, aliandika habari za nyama ambaye watu wa hapa walimwita soko. Wasomaji wa Ulaya wakajiuliza: ni gorila ao sokomutu? Watumishi wake, Susi na Chuma, walipofika Uingereza mwaka 1874, walionyeshwa gorila. Wakajibu kwamba soko anafanana naye, lakini si yeye. Walikuwa na haki.

Basi gorila tutamuona wapi? Twende upande wa kaskazini, kwenye Parke ya Kahuzi-Biega. Mlima Kahuzi iko na metre 3.308, Biega 2.790, zote mbili ni volkano zilizozimika. Parke ilianzishwa mwaka 1970, ikaongezwa mwaka 1975 mpaka kilometre mraba 6.000 hivi.

Wageni wanaanzia Tshivanga. Wapisteri wanatangulia na panga, wanatafuta vitanda vya majani ambamo gorila walilala, kwa maana kila magaribi wanatengeneza vipya. Njia ni matope na mianzi, unapanda na kuteleza. Dume mwenye mgongo mweupe anaweza kupita kilo 200, na bado anakula zaidi majani na machipukizi ya mianzi! Mwenye mafua haruhusiwi kukaribia, sababu ugonjwa wetu unaweza kuwaua. Kupanda Kahuzi mpaka juu ni kazi ingine. Huko mianzi inaisha, unakuta vichaka na baridi.

Vita viliharibu mengi. Katika sehemu ya milima, kati ya 1996 na 2000, karibu nusu ya gorila walikufa. Tena mwezi wa pili 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya safari vinaruka. Batwa, waliojua kila njia ya pori lile, walifukuzwa humo miaka ya 1970 bila kupewa mashamba. Wengine wamekuwa wapisteri, wengi wamebaki wakilima kwa wenyewe. Mwaka 2024 uamuzi wa Komisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa: serikali iliwakosea.

Kazi ya nyumbani: andika ukurasa mmoja. Kama pori la babu yako karibu na Luama lingefanywa parke, ungeomba nini kwanza, na ungekubali kuacha nini?