Akiba ya Jua Chini ya Ardhi: Haidrojeni na Miamba ya Magu



Usukumani tunajua kuweka akiba. Viazi vitamu vikiwa tele, tunavikata na kuvianika vikawa michembe, au tunavichemsha kwanza vikawa matobolwa, tukala kiangazi. Umeme wa jua na upepo nao una msimu wa neema na msimu wa uhaba. Haidrojeni ni njia mojawapo ya kuuanika.

Hupatikanaje?
Umeme wa ziada hupitishwa kwenye maji, yakatengana kuwa haidrojeni na oksijeni. Kilo moja ya haidrojeni hula takriban uniti 50 za umeme na lita 9 za maji, au zaidi. Ikigeuzwa tena kuwa umeme, hurudi kama theluthi moja tu. Kwa hiyo akiba ya usiku mmoja tuiachie betri. Haidrojeni ni ya wiki na miezi.

Kwa nini ardhini?
Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa mara 14, hivyo hata ikishindiliwa hudai nafasi kubwa. Teesside, Uingereza, huhifadhiwa tangu miaka ya 1970 katika mapango yaliyochimbwa kwa kuyeyusha chumvi ya ardhini. Chumvi nene haivujishi gesi.

Magu je?
Chumvi ya namna hiyo ipo bonde la Mandawa, mkoani Lindi. Kwetu Magu kuna itale, majabali yanayochomoza kandokando ya Ziwa Victoria. Ni magumu, ila yana nyufa. Luleå, Sweden, mwaka 2022 lilizinduliwa pango la majaribio la mita za ujazo 100, mita 30 chini, ndani ya mwamba mgumu. Kuta zake zimevikwa chuma: chuma huzuia gesi, mwamba hubeba shinikizo. Huo ndio mfano ulio karibu zaidi na ardhi yetu.

Usalama
Haidrojeni haina rangi wala harufu, na mwali wake ni vigumu kuuona mchana. Ikivuja mahali pa wazi hupaa upesi. Hatari kubwa ni ikinaswa chini ya paa.

Mradi ukiletwa kijijini, uliza:
1. Nyufa za mwamba zimepimwa?
2. Maji yatatoka wapi, na wanakijiji watabakiwa na kiasi gani?
3. Nani atakagua uvujaji, na mara ngapi?

Michembe haimwagwi ghalani kabla ya kukagua sakafu na paa. Na ghala hili la haidrojeni likaguliwe vivyo hivyo, nasi tukiwepo.